Maswali mnayotuuliza kila siku: Buddha, huruma na kazi zetu za mtaani hapa Tanga

Haya, nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, kwahiyo nimekaa chini nimeyaandika yote sehemu moja. Kikundi chetu ni kidogo, tukijaa sana tunafika 14, siku zingine watano, tunakutana Jumamosi alasiri upande wa Raskazone, tunakaa kimya nusu saa hivi halafu tunaenda kwenye kazi: kumwogesha mgonjwa, kuokota plastiki ufukweni, kupanda mikoko, au kukaa tu na mtu aliyefiwa ambaye wageni wameshaondoka. Njia yenyewe tumeikopa kwa Wabuddha, wale wafuasi wa Buddha, mwalimu wa zamani wa huko India, na hatufichi. Maswali yanatoka Ngamiani mpaka Muheza, mengine ya heri mengine ya shari, yote nimeyaweka.

Kwani nyie ni Wabuddha?

Hapana. Wengi wetu ni Waislamu, Wakristo wapo wanne, na kuna kaka mmoja anasema hata yeye hajijui ni nini na hatumbani. Mi mwenyewe nimekulia madrasa na naswali mpaka leo. Hatuna sanamu, hatusujudii kitu, ubani mnaousikia ni wa jirani. Tulichokopa ni namna ya kuyatazama mateso na namna ya kuyashughulikia basi. Kama moyoni mwako hata hilo ni zito, nenda kwa shehe wako au padri wako ukamuulize, usiniulize mimi, mi nilikuwa nesi.

Sasa we uliyatoa wapi haya mambo, au ulienda India?

India wapi, nauli ya Dar yenyewe shida. Watu wengi hawajui kwamba Dar es Salaam, pale Upanga, kuna hekalu la Wabuddha, lilianzishwa na watu wa kutoka Sri Lanka walioletwa kufanya kazi huku enzi za ukoloni, na limeshapita miaka mia. Nilipokuwa nasoma unesi shoga yangu alinivuta twende tukachungulie tu, nikakaa na viatu mkononi nusu saa nzima sijui niviweke wapi. Mtawa aliyekuwepo hakuniuliza dini yangu. Alinifundisha kuhesabu pumzi nikaondoka, na nikasahau kabisa kwa miaka kama kumi na tano hivi, mpaka siku niliyoihitaji, hiyo ntaisema huko mbele.

Na kwa jirani zetu Uganda, karibu na Entebbe, kuna mtawa Mganda kabisa, Bhante Buddharakkhita, ameanzisha kituo tangu 2005. Kwahiyo msiseme ni kitu cha Wachina tu.

Lakini Ubuddha si ni kukaa umefumba macho unaikimbia dunia? Mambo ya jamii yanaingiaje?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na ndo kosa nililokuwa nalo mimi pia.

Chukua Vietnam wakati wa vita. Kulikuwa na mtawa anaitwa Thich Nhat Hanh, kazaliwa 1926 mji wa Huế, yeye na wenzake wako hekaluni wanasali na mabomu yanaanguka vijijini, wakajiuliza tubaki humu tuendelee kutafakari au tutoke tukawasaidie watu? Jibu lao lilikuwa vyote viwili, unatoka unasaidia lakini ukiwa na ule utulivu wa hekaluni, maana ukitoka na hasira tu unakuwa askari mwingine tena. Wakaanzisha shule ya vijana wa kujitolea, wanaenda vijijini kujenga nyumba upya, kufundisha watoto, kutibu watu. Kuna kijiji kimoja karibu na mpaka uliogawa Kaskazini na Kusini kilipigwa mabomu, wakakijenga, kikapigwa tena, wakajenga tena, mara nne. Hebu fikiria mara ya tatu unabeba tofali unajua kabisa ndege zitarudi. Na hawakuchagua upande, ndo maana pande zote mbili ziliwaona maadui, baadhi ya vijana wale waliuawa. Yeye mwenyewe alienda Marekani 1966 kuomba vita isimame, akazuiwa kurudi kwao, karudi kwa mara ya kwanza 2005. Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, alimpendekeza kwa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1967, na mwaka huo haikupewa mtu. Alifariki Januari 2022 hapo hapo Huế, kwenye hekalu alilopokelewa akiwa kijana.

Na ukirudi nyuma kwa Buddha mwenyewe, yule Siddhartha Gautama wa miaka kama 2500 iliyopita, kuna kisa ambacho mi kama nesi nakipenda kuliko vyote. Anatembelea makazi ya watawa anamkuta mmoja anaharisha, amelala kwenye uchafu wake mwenyewe, wenzake wamemwacha kwa kuwa eti hana msaada wowote kwao. Buddha akamtuma mwanafunzi wake Ananda akalete maji, akamwagia, Ananda akamsugua, wakambeba mmoja kichwani mwingine miguuni wakamlaza kitandani. Halafu akawaita wale wengine akawaambia hapa hamna mama wala baba wa kuwatunza, msipotunzana nyie nani atawatunza, anayetaka kunihudumia mimi amhudumie mgonjwa. Sasa huyo ni mtu anayeikimbia dunia?

Hizo "kweli nne" mnazozitaja taja ni nini, tuelezeeni kwa mfano wa hapa hapa

Kwa kifupi: mateso yapo, yana chanzo, yanaweza kukoma, na ipo njia ya kuyakomesha. Mi nilipozisikia niliona ni faili la mgonjwa. Anaumwa nini, kimesababishwa na nini, anaweza kupona au hawezi, na dawa ni ipi. Sisi watu wa mtaani tunapenda kurukia dawa, hata chanzo hatujauliza.

Mfano wa hapa hapa, haya. Miaka kadhaa nyuma, kabla baruti za kuvulia samaki hazijapungua, tumekaa ufukweni tumefumba macho, bahari shwari, maji mafu, mara kishindo, kifua kikatetemeka, kunguru wote wakaruka. Tukafumbua tukaona maji meupe yanarudi chini na mtumbwi mmoja. Walipofika nchi kavu mimi ndo nilikuwa wa kwanza kuwatukana, jamani mimi, niliyetoka kuhesabu pumzi sasa hivi! Nilimwita yule kijana muuaji mbele za watu. Na kweli baruti ni balaa, haichagui mkubwa na kifaranga, inapasua kile kibofu cha hewa tumboni mwa samaki, wengi wanazama chini hata yeye mwenyewe hawapati, na matumbawe yanavunjika yanakuwa kokoto, hapo usitegemee samaki kwa miaka.

Wiki mbili baadaye mwenzetu mmoja akasema yule kijana ni wa mtaani kwao, mama yake ana sukari na kidonda mguuni, twende tukamsafishe. Nilienda kwa aibu. Nikiwa nafungua bandeji kijana kakaa mlangoni hasemi, mama ndo anaongea. Nyavu zilichanika. Tajiri akampa nyingine kwa mkopo pamoja na mashine, kwahiyo samaki wote lazima amuuzie tajiri huyo huyo kwa bei ya tajiri, na mafuta na barafu vinakatwa humo humo, wiki inaisha deni limeongezeka. Samaki wa karibu hakuna. Kwanini hakuna? Matumbawe yamekwisha. Yamemalizwa na nini? Baruti. Yani anapiga baruti leo kwa sababu ya baruti ya jana.

Wabuddha wana msemo wa zamani sana wa hili, hiki kikiwepo na kile kinakuwepo, hiki kikikoma na kile kinakoma. Na wanataja sumu tatu, tamaa, chuki na ujinga. Mi mwanzo niliiona tamaa ya kijana tu. Tamaa ya tajiri sikuiona, tamaa yangu mimi ninayetaka changu wa bei chee pale Deep Sea bila kuuliza kavuliwaje sikuiona, na chuki na ujinga vilikuwa vyangu mwenyewe siku ile.

Tulifanya nini? Kitu kidogo sana. Watano wetu tulichanga kwenye kikoba tukamkopesha madema sita, ile mitego ya samaki. Mawili yakaibiwa mwezi wa kwanza, hahaha, ndo maisha. Deni la tajiri kalipunguza taratibu. Sijui ya kesho, lakini leo anatega, na mama kidonda kilifunga. Na nisieleweke vibaya, hatumfichi mtu, sheria ifanye kazi yake, baruti ni kosa na itabaki kosa.

Kwahiyo Buddha alisema wahalifu waachiwe?

Hapana, ila kuna fundisho lake moja, linaitwa Kutadanta, ambalo ningetamani lisomwe kwenye kila kikao cha mtaa. Mfalme ana nchi imejaa wezi na wanyang'anyi anataka kufanya sadaka kubwa. Mshauri wake anamwambia, ukiwaua na kuwafunga watabaki wengine watakaoendelea kukusumbua. Wape wakulima mbegu, wafanyabiashara wape mtaji, watumishi walipe mshahara unaoeleweka, kila mtu akiwa bize na kazi yake fujo zitaisha. Kuna fundisho lingine tena linasimulia mfalme aliyeacha kuwapa wasio nacho, umaskini ukazaa wizi, wizi ukazaa silaha, silaha zikazaa mauaji. Limesemwa kabla hata Tanga haijaitwa Tanga, na bado tunashangaa vijana wa vibanda umiza wanafanya vile.

Mi ni mvuvi halali, mshipi na dema. Wabuddha wanasema usiue. Nina nafasi kweli?

Una nafasi. Kanuni ya kwanza kati ya zile tano za mwenendo wa Wabuddha inasema kujizuia na kuua viumbe, na kwenye "riziki njema" wametaja biashara ya silaha, ya watu, ya nyama, ya kilevi na ya sumu kuwa si za kufanywa, siwezi kukuficha. Lakini Sri Lanka na Thailand zimejaa wavuvi wanaoenda hekaluni, wanaishi na ule mgongano. Hizo kanuni ni mazoezi, unaanza pale ulipo unapunguza madhara. Kwa wavuvi wetu imekuwa wavu wenye matundu makubwa, kurudisha wenye mayai, kutogusa kasa. Mzee mmoja aliniambia hayo babu yake alimfundisha bila Buddha yeyote. Nikamwambia basi sawa baba, tumekutana njiani.

Kama kuna karma, yani matendo yako kukurudia, si maana yake anayeteseka amejitakia?

Hapana hapana hapana. Hili linanikera maana nimelisikia hata kwa watu wazima, "atakuwa kafanya kitu huyo", mtoto kazaliwa na mgongo wazi wanatafuta dhambi ya mama.

Buddha aliulizwa swali hili hili, je kila anachohisi mtu kinatokana na matendo yake ya zamani? Akasema wanaosema hivo wanavuka mipaka, akataja mambo mengine yanayoleta maumivu, mwili wenyewe, mabadiliko ya hali ya hewa, ajali, kushambuliwa. Karma ni kitendo chenye nia, na maana yake kwetu ni kwamba unachofanya leo kina uzito, basi unaweza kubadilisha kitu.

Mtu aliyelishika hili kisawasawa ni B. R. Ambedkar wa India. Kazaliwa 1891 kwenye tabaka la wanaoitwa wasioguswa, shuleni alikuwa haruhusiwi kugusa mtungi wa maji mpaka mwingine ammiminie. Akasoma mpaka Marekani na Uingereza, akarudi. 1927 aliwaongoza wenzake mji wa Mahad kwenda kunywa maji kwenye bwawa la umma, kunywa maji tu jamani, wakapigwa. Baadaye ndiye aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India. Na tarehe 14 Oktoba 1956 pale Nagpur akaingia Ubuddha na watu laki kadhaa siku moja, kwa sababu alitaka njia isiyomwambia maskini kwamba hali yake ni malipo ya maisha yaliyopita. Wiki saba tu baadaye akafariki. Kwahiyo mtu akitumia karma kumnyamazisha anayeonewa, mwambieni kuna mamilioni ya Wabuddha wa India watamjibu.

Nikisaidia sana nachoka mpaka nachukia watu. Nifanyeje?

Hapa sasa ndo ntakaa kidogo.

Nilifanya wodi ya wazazi miaka mingi, siitaji ni wapi. Usiku mmoja tuko manesi wawili, akina mama kumi na tisa, wengine wawili wawili kitandani. Kulikuwa na binti, mimba ya kwanza, ananiita "dada, dada, dada", kila nikipita ananishika gauni. Nikamfokea. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mnayajua, yale ambayo akina mama wanayasimulia wakitoka hospitali. Akaachia gauni. Hakuniita tena usiku mzima, na kujifungua akajifungua kimya, kaziba mdomo kwa kanga. Mtoto mzima, mama mzima, kila kitu sawa kwenye rejista. Mi ndo nilikuwa nimeoza. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi na ule mfuko wa yunifomu mapajani na pumzi nilizofundishwa Upanga ndo zikanirudia, moja, mbili, tatu.

Nilichokuja kujifunza ni kwamba Wabuddha wana vitu vinne ambavyo havitengani. Metta, kumtakia mtu heri. Karuna, huruma, moyo unaoguswa na kutaka maumivu yaondoke. Mudita, kuifurahia furaha ya mwenzio, hii ndo ngumu kuliko zote kwa mitaa yetu yenye husda ya kigari tu. Na upekkha, moyo uliotulia, usiotikiswa. Mi nilikuwa na karuna bila upekkha, nikawa kama ndoo isiyo na kishikio. Na wanaonya kila kimoja kina pacha wake wa bandia, huruma ina kumwonea mtu masikitiko ukiwa juu yake, utulivu una kutojali. Unaweza ukadhani umetulia kumbe umekufa ganzi. Mi nilikufa ganzi miaka mitatu na watu walinisifia kwamba nimekomaa kikazi.

Kitu kingine ni ule mfano wa mishale miwili. Mshale wa kwanza unakupiga, maumivu ya kweli. Wa pili unajichoma mwenyewe, kwanini mimi, kwanini hawa, ningefanya hivi, hawana shukrani hawa. Wodi yenye watu wengi ni mshale wa kwanza, na huo unatakiwa upigiwe kelele waongezwe manesi, pumzi haileti nesi mwingine zamu ya usiku! Ila wa pili naweza kuushusha.

Kwahiyo jibu langu kwako: jiweke kwenye hesabu. Wanapotakia heri wanaanza na nafsi yao, halafu wampendaye, halafu mtu wasiyemjua vizuri, halafu adui, halafu viumbe vyote. Sisi hapa tuna sheria, ukimaliza kwa mgonjwa mzito unakaa dakika kumi huongei, na wiki ya tatu unapumzika utake usitake. Yule binti simjui alipo. Mtoto wake saivi atakuwa sekondari.

Mbona hampigi picha za misaada? Mnaficha nini?

Tulipiga. Mara ya kwanza tumepeleka unga na mafuta kwa vikongwe kadhaa tukapanga foleni, tabasamu, kamera. Bibi mmoja alivuta ushungi akaziba uso wote, akapokea mfuko kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia umeshika ushungi. Picha ninayo bado, sijawahi kuionyesha. Toka siku hiyo basi.

Hela mnatoa wapi? Kuna mzungu nyuma yenu?

Hakuna mzungu, kuna kibubu. Wazo la kibubu nalo tumeliiba. Mwaka 1966 huko Hualien, Taiwan, mtawa wa kike anaitwa Cheng Yen aliwaambia akina mama wa nyumbani 30 kila mmoja awe na kibubu cha mwanzi, na kila siku kabla ya kwenda sokoni atumbukize senti 50. Wakamuuliza si bora tulete zote mara moja mwisho wa mwezi, hesabu ni ile ile? Akakataa, alitaka kila siku wakienda kununua mboga wawe wamemkumbuka mtu. Kutoka kwenye vibubu vile limetoka shirika la Tzu Chi, lina hospitali zake na linaenda kwenye majanga nchi nyingi duniani.

Sisi tunaweka 200 kila asubuhi. Changu nakiweka karibu na jiko, mchwa waliwahi kukitoboa chini hela zikamwagikia kwenye sufuria ya maharage.

Kujitolea bila posho mbona ni kama kuwafanya watu wajinga?

Swali la haki hilo, watu wamechoka kujitolea huku kuna mtu anakula posho. Lakini msaragambo mnaujua, hasa nyie wa Same, Lushoto na Korogwe, watu wanatoka na majembe wanalima barabara ya kijiji. Basi Sri Lanka kuna mwalimu, A. T. Ariyaratne, mwaka 1958 aliwachukua wanafunzi wake wa sekondari ya Colombo akawapeleka kijiji cha watu waliokuwa wanadharauliwa, wakachimba visima na vyoo pamoja nao, wakala nao. Ikakua ikawa harakati ya Sarvodaya, imefika maelfu ya vijiji. Hiyo kazi wanaiita shramadana, yani sadaka ya jasho. Wana msemo wao, tunaijenga barabara na barabara inatujenga sisi. Ariyaratne amefariki 2024.

Tofauti na msaragambo wa amri ni kwamba kabla ya jembe wanakaa wote, pamoja na watoto na akina bibi, wanasema kijiji kinaumwa nini. Sisi tulipopanda mikoko bila kuuliza, ng'ombe wa watu waliila yote, maana tulipanda kwenye njia yao ya kwenda majini. Mara ya pili tukamuuliza mchungaji kwanza, mtoto wa miaka 12, akatuonyesha kwa fimbo wapi na wapi.

Na Myanmar je? Mbona Wabuddha wanaua Waislamu huko?

Ni kweli na sitaki mtu wa kikundi chetu akwepe swali hili. Mwaka 2017 Warohingya, yani Waislamu wa huko, zaidi ya laki saba walikimbilia Bangladesh, vijiji vimechomwa, wanawake wamefanyiwa unyama na jeshi, na kabla yake kulikuwa na watawa waliovaa vazi lile lile wakihubiri chuki waziwazi. Sri Lanka nako 2014 kulitokea ghasia dhidi ya Waislamu kwa uchochezi wa aina hiyo. Kusema "hao sio Wabuddha wa kweli" ni rahisi mno. Walikuwa watawa, walisoma maneno yale yale ya metta asubuhi. Ninachoona mimi ni kwamba maneno mazuri hayamlindi mtu kama hajitazami, na kundi lenye hofu linaweza kutumia kitabu chochote.

Upande wa pili wa vazi lile lile, Cambodia, Maha Ghosananda. Familia yake iliuawa enzi za Khmer Rouge, ule utawala katili wa huko. 1992 akatembea kwa miguu na wakimbizi kutoka mpaka wa Thailand mpaka Phnom Penh, nchi bado ina mabomu ya ardhini na vita haijaisha, watu wanatoka vijijini na ndoo za maji awanyunyizie. Wapo wa namna zote mbili.

Mazingira yanahusikaje?

Thailand, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watawa walianza kuivisha miti vazi la utawa, wanazungushia kile kitambaa cha rangi ya manjano iliyoiva shinani, wanausomea kama mtawa mpya, na mkata magogo anaogopa kuutia shoka. Msicheke, umefika Mapango ya Amboni ukaona vitambaa na sadaka za watu? Nani anathubutu kukata mbuyu wenye kitambaa chekundu? Sisi vitambaa hatujafunga, tutaitwa wachawi, tunafunga kamba tu kwenye miche ya mikoko ili tuihesabu.

Watoto waje?

Waje. Dakika tano za kimya zinawatosha, wakishindwa wakachezee mchanga.

Lazima nikae chini nimekunja miguu?

Kaa kwenye kiti, kaa kwenye ndoo uliyoigeuza, mwenzetu mmoja wa magoti mabovu anakaa kwenye baiskeli kaiegemeza ukutani. Kikubwa usilale ukakoroma.

Nikija siku ya kwanza nitafanya nini?

Jumamosi hii tukimaliza kukaa tunaenda kwa mzee mmoja Makorora, amepooza upande wa kushoto mwaka wa pili huu, mkewe naye mgongo umekwisha hawezi kumgeuza. Wewe mgeni utashika ndoo. Maji yawe vuguvugu, jaribu kwa kiwiko sio kwa kiganja. Mimi naanza usoni, nakwenda shingoni, kwapani, mgongo ndo tunamgeuza wawili kwa shuka, moja mbili tatu, na unatazama matako na visigino kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Mwambie shikamoo kabla hujamgusa na mwambie kila unachotaka kufanya, anasikia vizuri tu, anajibu kwa kubana kidole. Asipobana subiri. Siku ya kwanza alikuwa anatazama ukutani muda wote tukimwogesha, saivi anatazama mlangoni kuona nani kaja.

Njoo na kandambili zenye meno chini, sakafu yao ni ya saruji laini ikilowa inateleza vibaya mno, mwezi uliopita mi nilianguka na ndoo.